Katoni Arobaini

Siku ya kwanza ya kugawa chakula cha jeshi, mtu alikufa kwenye foleni kabla sijafungua mlango. Alikuwa fundi saa, mzee mpole aliyekuja na mfuko wa nailoni ameukunja vizuri mfukoni. Walimkanyaga. Na waliomkanyaga walikuwa majirani zake, watu waliompelekea saa zao miaka nenda miaka rudi, na hata alipoacha kupiga kelele waliendelea kusukumana juu yake. Mimi nilikuwa dirishani, funguo mkononi. Nilimwona akianguka na sikufungua, kwa sababu ningefungua wangeingia wote na chakula kingekwisha kabla ya mchana. Nasema hili mapema ili asije mtu akadhani nitamsimulia habari za watu wema na watu wabaya. Sote tulikuwa na njaa, na mimi ndiye niliyekuwa na funguo.

Mimi ni mpishi. Nimepikia bweni la shule ya sekondari miaka kumi na tisa, wanafunzi mia nne na ushee, na masufuria yangu ni yale ambayo ukitaka kuyasugua inabidi uingie ndani mzima mzima. Vita vilipoingia mjini wanafunzi walirudishwa makwao, na watu wa mitaa ya chini waliobomolewa nyumba wakaja kulala madarasani. Watu mia tatu na kumi. Kuni nilikuwa nazo, ila moshi ulikatazwa. Mara ya mwisho kuwasha jiko, robo saa tu baada ya moshi kutokeza juu ya bati, kombora lilikuja likaondoka na ukuta wa stoo na miguu yote miwili ya mpasua kuni wangu. Alikufa huku akiniuliza kama chai imeiva. Toka siku ile jiko langu likawa baridi, na mpishi asiye na moto ni kiroja.

Ndipo zilipokuja pakiti. Ziliteremshwa uwanja wa ndege, na mume wangu, ambaye ni dereva wa malori, akazileta safari sita, risasi zikitoboa milango ya lori lake. Katoni mia tatu, kila katoni pakiti kumi na mbili. Zilikuwa chakula cha askari wa nchi nyingine, maandishi ya nchi nyingine, rangi ya matope. Unafungua unakuta mfuko wa mchuzi wa kitu cha kahawia, kilichopikwa, kwa mujibu wa tarehe iliyogongwa mhuri, wakati mimi bado nina meno yangu yote. Unakuta biskuti ngumu za kujengea barabara, jamu, chumvi, kijiko, unga wa kinywaji, jojo za kutafuna, na karatasi ya chooni ili usikose kitu. Watu wawili kwa pakiti moja kwa siku. Nilionja kijiko kimoja nikatamani kulia. Lakini kilikuwa chakula, na watoto walinyamaza.

Ndani ya kila pakiti kulikuwa pia na kipasha moto. Huo ni mfuko mwembamba wa plastiki wenye bamba la unga mweusi mweusi. Ukiutia maji kidogo unachemka wenyewe, bila kiberiti wala mkaa. Unatumbukiza mfuko wa mchuzi humo, dakika kumi chakula kina moto. Mama mmoja wa shirika la msaada aliyekuja na pakiti alitufundisha kwa mkalimani, akarudia mara mbili: msitumie kwenye chumba kilichofungwa, na msisogeze moto karibu, kwa sababu hewa inayotoka humo inalipuka. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu siku hiyo. Aliniinamia sikioni akasema, "Mke wangu, leo umepata mke mwenzio." Nikamfinya ubavuni mpaka akaruka.

Tulifundishwa, lakini si kila mtu alisikia. Wiki haikwisha, mama mmoja aliyelala darasa la tatu alikiwasha kipasha moto akakiweka chini ya blanketi la mtoto wake, kwa kuwa usiku ulikuwa na baridi. Mtoto aliungua paja mpaka kwenye mfupa. Kisha fundi cherehani mmoja, kwa tamaa zake, alikitafuna kile kibamba akidhani ni chokoleti. Ulimi ulimvimba ukajaa mdomo, akafa anakoroma mbele ya mkewe. Karani wa shule, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza kamati yetu, akatoa amri vipasha moto vyote vitolewe kwenye pakiti kabla ya kugawa chochote.

Kazi hiyo tuliifanya mimi na mama mkwe wangu, siku nne, kwenye chumba cha maabara. Na hapa lazima niseme habari ya mkasi. Jikoni kwangu kuna sheria moja ya zamani: mfuko ulioharibika hukatwa pembe. Unga ukiingia wadudu, kata pembe. Maharage yakinuka, kata pembe. Mfuko uliokatwa pembe haupikwi, haugawiwi, hauulizwi, hata mimi nisipokuwepo. Basi kila kipasha moto tulichokitoa nilikikata pembe, ili asitokee mjanja wa kukirudisha kwenye foleni. Zaidi ya elfu tatu. Kidole gumba kilitoka malengelenge. Mama mkwe aliniuliza, "Mwanangu, una hakika inafaa kuvifungua hivyo?" Nikamjibu kwamba mimi nimefanya kazi hii kabla mwanawe hajajua kuendesha hata baiskeli. Tukavijaza kwenye magunia, tukayapanga juu ya meza, pakavu.

Jumatatu mume wangu alikwenda uwanja wa ndege safari ya saba, hakurudi.

Jumanne alikuja Mwalimu wa Michezo. Huyu kijana alifundisha shuleni kwetu miaka minne kabla ya vita. Nilimpa ukoko kila Ijumaa kwa sababu aliupenda. Sasa alikuwa na bunduki, wanaume sita, na ile filimbi yake ya zamani shingoni, na barabara yote kutoka shuleni hadi njia panda ilikuwa mali yake. Aliingia stoo akiwa amevua kofia.

"Shikamoo, Mpishi."

"Marahaba," nikasema, kwa mazoea tu, na nikauchukia mdomo wangu.

Alimwambia Karani anahitaji katoni arobaini. Karani ni mtu mwembamba, mwoga wa mende, lakini kwenye mali ya watu hana mzaha. Alisema chakula kile si chake wala si cha Mwalimu. Mwalimu akatikisa kichwa kama anayesikiliza jibu la mwanafunzi mzito. Wawili wakamshika Karani, wakaulaza mkono wake wa kulia mezani. Mwalimu akapuliza filimbi, na kila ilipolia yule wa tatu alishusha kitako cha bunduki. Ililia mara tatu. Mara ya tatu niliona mfupa.

Kisha akanipa mimi bahasha ya shule, ile ya kutilia ripoti za wanafunzi. Ndani kulikuwa na meno mawili. Moja lilikuwa na ufa katikati. Nimelala karibu na ufa huo miaka ishirini na miwili.

"Kesho saa nne asubuhi nakuja na lori," alisema. "Katoni arobaini, na mumeo nakukabidhi mkononi. Nisipozikuta, nitakuletea kilichobaki, lakini utahitaji bahasha kubwa zaidi."

Watu huniuliza kwa nini hakuchukua katoni zote. Hakuwa mjinga. Alitukamua kama mtu anavyokamua ng'ombe wake, akiacha kidogo, ili uwanja wa ndege uendelee kutuletea na yeye aendelee kuja.

Kamati ilikaa mchana ule ule darasani. Karani alikuwa amefungwa mkono kwa pazia, jasho likimtiririka, na bado alisema hapana. Katoni arobaini ni siku tatu za watu wote, alisema, na safari nyingine haijulikani itakuja lini. Wengine wakamuunga mkono. Mwanamke niliyempa uji wa ziada kwa ajili ya mtoto wake alisimama akasema, "Leo tunamkomboa dereva. Kesho tutamkomboa nani?" Damu ilinichemka. Niliwaambia chakula wanachokitafuna amekileta nani kama si yeye. Nikawaambia nina funguo na nitafungua nikitaka, na atakayenizuia nitampasua kichwa kwa mwiko. Nilimaanisha hivyo. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye dawati la nyuma, miguu haifiki chini, na hakusema neno lolote. Hilo lilinitesa kuliko makelele yao.

Nilitoka nikaenda maabara kulia peke yangu, na pale nikayaona yale magunia.

Sikuwaza sana. Nilimwita mama mkwe, nikafunga mlango kwa ndani. Tulichukua katoni tupu arobaini. Chini tulitia vipande vya tofali kupata uzito, katikati tukashindilia vipasha moto, juu kabisa tukapanga tabaka moja la pakiti za kweli, zikielekea juu vizuri kama maua ya dukani. Gundi ya maabara ikafanya kazi yake. Mpango ulikuwa rahisi hata mtoto angeuelewa: wanatupa mtu wetu, tunawapa katoni, wanaondoka, na watakapofika kambini na kugundua, mume wangu atakuwa chumbani kwangu na geti limefungwa. Watu hawatapoteza chakula chao, na mimi sitapoteza mume.

Mama mkwe alishika kipasha moto kimoja akasema, "Namwona yule mtoto wa watu na filimbi yake anavyokitafuna hiki," akaiga mtu anayetafuna macho yamemtoka. Tukacheka. Tulicheka mpaka nikajishika tumbo, wanawake wawili wazima kwenye chumba chenye mifupa ya vyura ndani ya chupa. Hata sasa sijutii kicheko kile. Kilikuwa cha mwisho kwa muda mrefu.

Jumatano mvua ilianza alfajiri na haikukatika. Saa nne lori lilikuja, na lilikuwa lori la mume wangu mwenyewe. Walikuwa wameondoa milango. Nyuma alikaa yeye, mikono imefungwa kwa waya kwenye mnyororo wa bodi, uso umevimba jicho moja halionekani. Pembeni yake kulikuwa na pipa la petroli na masanduku yao ya risasi. Ndani ya bodi maji yalikuwa yametuama hadi kwenye vifundo vya miguu, kwa kuwa vitundu vya kutolea maji vilikuwa vimeziba, kitu ambacho yeye asingekiruhusu hata siku moja. Aliponiona alijaribu kutabasamu kwa lile pengo jipya.

Mwalimu alifungua katoni moja juu, akaona pakiti. Akafungua ya pili, akaona pakiti. Akaridhika. Vijana wake wakapakia, katoni juu ya katoni, zile za chini ndani ya yale maji. Niliona makaratasi ya katoni yakikoza rangi kwa kulowa, na nikafikiri kwa kasi, kama mpishi anavyofikiri, biskuti zitaharibika. Halafu nikakumbuka huko chini hakuna biskuti. Niliuma midomo nisicheke.

"Nipe mtu wangu," nikasema.

"Nitamteremsha njia panda," alisema Mwalimu. "Mita mia mbili tu, Mpishi. Nikimwacha hapa mtafunga geti mtupige risasi za mgongo."

"Tulikubaliana mkononi."

"Na sasa tumekubaliana njia panda."

Ningeweza kusema ukweli wakati ule. Nimeurudia wakati ule mara nyingi kuliko ninavyosali. Kama ningesema, angempiga risasi palepale, kisha mimi, kisha angeingia madarasani, ndivyo nilivyojiambia. Na mita mia mbili ni karibu. Hakuna mtu anayefungua katoni kwenye mvua ndani ya mita mia mbili. Kwa hiyo nilimtazama mume wangu akitetemeka na shati limemganda mwilini, nikasema kitu kimoja tu.

"Mwalimu, mvua yote hii na hali yake ile. Mfunikeni basi."

Mwalimu alicheka. "Mnaona? Haya ndiyo mapenzi." Akaamuru turubai livutwe juu ya katoni zote na juu ya mume wangu. Mimi mwenyewe nilipanda gurudumu nikachomeka pembe ya turubai chini ya kamba, upande wake, lisipite hata tone.

Lori lilikwama getini. Kulikuwa na shimo la kombora lililojaa maji, na gurudumu la nyuma likazama hadi kwenye ekseli. Vijana wakashuka kusukuma. Mmoja alibaki juu ya turubai, bunduki mapajani, akiwaelekeza kwa mguu na kuvuta sigara ameifunika kwa kiganja ili isizimike. Injini ilinguruma, gurudumu likazunguka bure, matope yakaruka. Watu mia tatu walikuwa madirishani wakiangalia chakula wanachodhani ni chao kikiondoka, na mbele ya bunduki zile hakuna aliyethubutu kunizuia.

Kisha mume wangu alipiga kelele chini ya turubai. Sikusikia neno, nilisikia sauti. Yule wa juu alipiga teke mahali ilipotoka.

Niliona mvuke. Ulianza kidogo pembeni, kama sufuria inayokaribia kuchemka, halafu ukatoka pande zote za turubai na kulala juu ya maji. Vijana waliokuwa wakisukuma walisema ni injini. Mimi nilisikia harufu, harufu ya chuma kilichochemshwa, na nikajua. Vifuko vyote vilikuwa vimekatwa pembe kwa mkasi wangu. Maji yalikuwa yanaingia kwenye vyote kwa pamoja.

Alipiga kelele mara ya pili. "Moto," sasa nilisikia. "Kuna moto humu." Wakacheka, wakamwambia ashukuru amepata pa kuota.

Na mimi nilinyamaza. Siwezi kulipamba. Nilimwangalia Mwalimu, bunduki yake ilikuwa umbali wa hatua nne kutoka kifuani kwangu. Niliangalia gurudumu, lilikuwa limeanza kupata mshiko, nikasema moyoni labda litanasuka, labda dakika moja, labda mbili, watafika njia panda watamtoa, ataungua kidogo, nitampaka dawa. Nilinyamaza muda wa kumenya kitunguu kimoja. Alipiga kelele mara ya tatu, na hiyo haikuwa na maneno ndani yake.

Mara ya nne nilikimbia.

"Mfunueni," nilipayuka. "Si chakula. Ni vipasha moto, nimewadanganya, vinachemka, mfunueni mtu."

Mwalimu aligeuka. Niliona uso wake ukielewa, taratibu, sehemu kwa sehemu. Alininyooshea bunduki kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaweka filimbi mdomoni akapuliza kumwamuru yule wa juu afungue. Yule kijana alikata kamba. Aliweka sigara kwenye pembe ya mdomo ili apate mikono yote miwili, akainama, akanyanyua turubai.

Nilisema kwa sauti kubwa asifanye hivyo. Sidhani kama alinisikia.

Kwanza haukuwa mlio. Ulikuwa mwanga, wa bluu hafifu, uliopita chini ya turubai lote mara moja na kulipandisha juu likiwa limejaa. Yule kijana alipanda nalo. Kisha pipa la petroli lilipasuka, na kisha masanduku ya risasi, na huo ndio mlio ambao madirisha ya shule yaliusikia. Nilirushwa kwenye ukuta wa geti. Nilipoweza kuona tena, vijana wawili waliokuwa wakisukuma walikuwa hawana sura, wamekaa kwenye matope wameegemeana kama wanaopumzika. Mwingine alikuwa anatembea akiwaka. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye shimo la maji akalala humo, na maji yakafanya kelele. Risasi ziliendelea kupasuka ndani ya moto. Mkono wa mtu ulikuwa karibu na goti langu, na kwa sekunde moja nilitazama kama una alama ya waya kwenye kifundo. Haukuwa nayo.

Milango ya madarasa ilifunguka. Watu walitoka kwenye mvua, si kwa kukimbia, kwa kutembea haraka, na wote walielekea mahali pamoja. Mwalimu wa Michezo alikuwa anajivuta kwa viwiko. Miguu ilimfuata kwa ngozi tu. Walimzunguka. Yule mwanamke aliyeuliza kesho tutamkomboa nani alikuwa wa kwanza, na alikuwa na tofali, lile tofali langu la kutilia uzito. Karani alikuja na mkono wake mzima. Nilisikia Mwalimu akiita, "Mpishi, Mpishi," kama anayeomba nimwongezee sahani, kisha nikasikia filimbi ikilia kidogo kidogo kwa pumzi zake, na kisha haikulia. Wengine walikuwa tayari wanaokota pakiti zilizotapakaa, wakizifuta damu kwa nguo zao.

Mimi nilikuwa natafuta mume wangu. Niliona miguu yake kwenye mtaro, ng'ambo ya geti. Nilipiga hatua mbili tu, wakanidaka. Walikuwa wanaume wanne au watano, wanacheka na kulia kwa pamoja, wakaninyanyua mabegani. "Mama Bomu," walipaza sauti, "Mama Bomu." Waliniondoa pale, kuelekea uani, mbali na mtaro. Niliwapiga, wakadhani nafurahi. Nikawaambia mume wangu yule pale, na kelele zao zikanimeza. Mwishowe niliinama nikamng'ata mmoja sikio, nikalishika kwa meno mpaka likaachia, na ndipo waliponiangusha chini.

Alikuwa hai. Mlipuko wa kwanza ulikata bodi ya nyuma na mnyororo wake, ukamtupa nje kabla ya petroli kupasuka. Macho yalikuwa yamekwisha. Uso na kifua na viganja vilikuwa vimegeuka kitu ambacho mimi, niliyechinja na kupika maisha yangu yote, sikuweza kukitazama moja kwa moja. Mama mkwe alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amekaa kwenye maji ya mtaro, kichwa cha mwanawe mapajani, na alimfunika mvua kwa kanga yake.

Tulimlaza kwenye chumba cha walimu. Siku nne hakusema kitu. Siku ya tano mama mkwe alikuwa upande wa kichwani, mimi miguuni, nikimtoa inzi.

"Nani alizijaza zile katoni?" aliuliza.

Mama mkwe alinitazama.

"Mimi," nikasema.

"Na mimi pia," alisema mama mkwe. "Tulikuwa wawili."

Hakumjibu mama yake. "Nilipopiga kelele ulikuwa wapi?"

"Hapo getini."

"Ulinisikia?"

Mvua ilikuwa kubwa. Injini ilikuwa inanguruma. Yote mawili yalikuwa kweli na yote mawili yalikuwa tayari ulimini mwangu.

"Nilikusikia," nikasema.

"Nilipiga nne."

"Najua."

"Ya kwanza nilijua hunisikii. Ya pili nikasema, sasa amesikia, sasa atawaambia. Nikangoja." Alivuta pumzi kupitia bendeji. "Ya tatu sikuwa nawapigia wao."

Nilimweleza. Bunduki ya Mwalimu, watu mia tatu na kumi, gurudumu lililokuwa limeanza kushika, mita mia mbili. Nilisema kila kitu, na hakuna nilichoongeza chumvi. Aliniacha nimalize. Alikuwa mtu wa kumwacha mtu amalize, hata nilipokuwa nagomba.

"Nimeelewa," alisema. "Mama, mwambie atoke."

Tangu siku hiyo nakaa ubarazani. Watu wakipita wananiita Mama Bomu, wananiletea jojo za pakiti zao, wanawafundisha watoto wao wanisalimie. Karani ameagiza nipewe pakiti nzima bila kugawana na mtu. Siitaki, namwekea mume wangu. Kila mchana naifungua, nauminya mchuzi kwenye bakuli hadi tone la mwisho, naponda biskuti na maji hadi ziwe laini kama za mtoto, nampa mama mkwe mlangoni, nasimama nyuma ya ukuta nisikanyage hata kokoto.

Nasikia kijiko kikigonga bakuli. Nasikia kikisimama.

"Nani kafungua?" anauliza.

"Mimi, baba," anasema mama yake. "Fungua mdomo."

Na anafungua.